Tunakusanya maoni ya wananchi kuhusu sera, lakini wanaosikika ni walewale. Nianzie wapi?

MwandikaMuhtasari ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada kwa wenye uzoefu, maana jambo hili limenikaa rohoni.

Kazi yangu ni kuandika mihtasari ya mikutano ya kukusanya maoni kuhusu rasimu za sera. Kwa sasa tunayo rasimu ya usafiri wa umma: njia za mabasi, vituo, nauli, vivuko vya watembea kwa miguu. Sheria inataka wananchi washirikishwe kabla wawakilishi hawajaipigia kura, na ukitazama makaratasi, tumetimiza yote. Tangazo limetoka, ukumbi umepata watu, daftari la mahudhurio limesainiwa, na mwisho wa muhtasari naandika kwamba wananchi walishirikishwa kikamilifu.

Shida ni kwamba mimi ndiye ninayeandika majina ya wanaosimama kuzungumza. Ni wanaume wa makamo, wengi wenye majengo au biashara kando ya barabara, pamoja na viongozi wa vyama vilivyosajiliwa. Mwenyekiti anawajua kwa majina. Wanawake wanafika, wanasaini, wanasikiliza, wanaondoka. Vijana hawaonekani kabisa. Wafanya usafi wanaopanda basi la kwanza alfajiri, ambao sera hii inawagusa kuliko mtu mwingine yeyote, hawawezi kufika kwa sababu tunakutana saa nne asubuhi siku ya kazi. Mama mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alifika akaishia mlangoni, mbele yake ngazi.

Kuna la pili linaloniumiza zaidi. Bibi mmoja alisimama akaeleza kwamba kituo kinachopendekezwa kiko ng'ambo ya barabara ya njia sita, kivuko kiko mbali, na wazee watavuka katikati ya magari. Ilikuwa hoja nzito kuliko zote zilizotolewa siku ile. Niliiandika neno kwa neno. Rasimu iliyofuata ilipotoka, kituo kilikuwa palepale, na hakuna aliyemweleza bibi yule sababu.

Wakubwa wangu si watu wabaya. Wanasema muda hautoshi, fedha hazitoshi, na asiyekuja mkutanoni amejinyima mwenyewe. Wameniomba niandike mapendekezo ya kuboresha mikutano iliyobaki. Nataka yawe mapendekezo yanayotekelezeka, si kurudia tu maneno "shirikishi" na "jumuishi" ambayo tayari yamejaa kwenye utangulizi wa rasimu. Ninyi mnaofanya kazi hizi, nianzie wapi?


HojaKwanza amejibu:

Nitasema lisilopendwa. Tumechagua wawakilishi ili wafanye nini?

Kila unapoongeza mkutano unampa nafasi zaidi mwenye muda na sauti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walipitia mihtasari ya vikao vya mipango miji katika jimbo la Massachusetts, Marekani, kisha wakawalinganisha waliozungumza na daftari la wapiga kura. Waliozungumza walikuwa na umri mkubwa zaidi, wanaume walikuwa wengi zaidi, na wenye nyumba zao wenyewe walikuwa wengi zaidi kuliko walivyo miongoni mwa wapiga kura wa maeneo yaleyale. Sehemu kubwa yao walisimama kupinga nyumba mpya zisijengwe. Waliokuwa wahamie kwenye nyumba hizo hawakuwepo ukumbini, na wangekuwepo vipi ilhali bado hawajahamia?

Kwa hiyo daftari la kura, pamoja na kasoro zake zote, linabeba sura ya watu kuliko ukumbi. Ningekuwa wewe ningependekeza mikutano ipunguzwe, fedha ziende kwenye utafiti mzuri wa sampuli miongoni mwa abiria, na wawakilishi wabebe lawama ya uamuzi wao hadi siku ya uchaguzi. Mwakilishi anayejificha nyuma ya "wananchi walisema" hawajibiki kwa yeyote.


MwezeshajiVikao amejibu:

HojaKwanza, ushahidi wako ni wa kweli, na nimeutumia mara nyingi mbele ya watu wanaodhani ukumbi uliojaa ndio wananchi wenyewe. Ninachokataa ni hitimisho. Uchaguzi huja kila baada ya miaka kadhaa na kuuliza swali moja kubwa, nani atutawale. Hauulizi kituo cha basi kikae upande gani wa barabara. Mwakilishi anayepigia kura kituo hicho anahitaji kujua jambo ambalo halimo ofisini kwake, na anayelijua ni yule anayeivuka barabara ile kwa magoti yanayouma. Utafiti wa sampuli nao ni mzuri, lakini hujibu maswali uliyoyaandika wewe. Bibi yule alileta swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

Sasa MwandikaMuhtasari, katika yote uliyoandika, ningeanza na bibi huyo. Wengi wangekimbilia ngazi za ukumbi na saa ya mkutano. Hayo ni ya lazima. Lakini ukiondoa ngazi, ukabadili saa, ukawaleta wafanya usafi wote, kisha kituo kikabaki palepale bila maelezo, utakuwa umewakatisha tamaa watu wengi kuliko mwanzo.

Mimi huongoza vikao vya namna hii, ndiyo kazi yangu, na kabla ya kukubali huwa namuuliza mwenye rasimu: kwa leo, katika karatasi hii, ni vifungu gani bado vinaweza kubadilika, na nani mwenye mamlaka ya kuvibadilisha? Mara nyingi anakaa kimya. Ramani zimeshachorwa, zabuni imeshatangazwa, bajeti imeshafungwa. Hapo namshauri aite mkutano wa kutoa taarifa, autangaze kwa jina hilo, na hakuna aibu yoyote. Watu hupokea taarifa kwa heshima. Wanachoshindwa kusamehe ni kuulizwa maoni juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa.

Mwaka 1969 Sherry Arnstein, aliyekuwa mshauri wa ushiriki wa wananchi katika mpango wa serikali ya Marekani wa kuinua miji, alipanga ushirikishwaji katika ngazi ya vidato vinane. Viwili vya chini alikataa kuvihesabu kabisa kuwa ushirikishwaji: ni kuwachezea watu na kuwatuliza. Vitatu vya katikati ni kuwapa habari, kuwauliza maoni, na kuwapa kidogo ili wanyamaze. Madaraka huanza kuhama kwenye vitatu vya juu tu: ubia, madaraka yaliyokasimiwa, na wananchi kuamua wenyewe. Zaidi ya nusu karne imepita na mikutano mingi ninayoalikwa bado iko kidato cha nne, kuuliza maoni, huku tangazo lake likizungumza lugha ya kidato cha nane. Pengo hilo kati ya tangazo na ukweli ndilo linalowafanya vijana wasije. Wakubwa wako wanasema asiyekuja amejinyima. Mimi naona amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi.

Angalia kilichotokea Porto Alegre, Brazil. Mwaka 1989 utawala mpya wa jiji ulianza kuwaachia wakazi waamue sehemu ya fedha za miradi iende wapi, utaratibu ambao leo dunia nzima inauita bajeti shirikishi. Mikutano ilifanyika kanda kwa kanda, ikachagua wajumbe, na wajumbe wakagawa fedha kwa kanuni iliyojulikana na kila mtu: kanda yenye upungufu mkubwa wa huduma ilipata alama zaidi. Ndani ya mikutano hiyo watu wa kipato cha chini walijaa. Hakuna aliyewabembeleza kwa semina za uraia. Walikuja kwa sababu waliona jirani zao wamekuja, wamesema mfereji, na mfereji umechimbwa. Kati ya 1988 na 1997 kaya zilizounganishwa na maji na mfumo wa majitaka zilipanda kutoka asilimia 75 hadi 98. Bajeti shirikishi peke yake haikufanya yote hayo, lakini iliamua bomba lianzie mtaa gani.

Na mwisho wake pia ujulikane, kwa kuwa wanaousifia huwa wanauruka. Utaratibu ule ulitegemea utashi wa waliokuwa madarakani. Chama kilichouanzisha kilishindwa uchaguzi wa jiji mwaka 2004, ukaanza kudhoofika, na mwaka 2017 ukasimamishwa. Kwa hiyo katika mapendekezo yako usiridhike na ahadi ya mkubwa aliyepo. Akihamishwa kesho, inaondoka naye. Omba iingie kwenye kanuni za vikao.

Tuje ndani ya ukumbi. Unasema wanawake wanafika na kunyamaza. Wanasayansi wa siasa Christopher Karpowitz na Tali Mendelberg, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waliwaweka watu kwenye vikundi vidogo wajadili namna ya kugawana kipato, huku wakibadilisha idadi ya wanawake katika kila kikundi na namna ya kufikia uamuzi. Wanawake walipozidiwa idadi na uamuzi ukawa wa wingi wa kura, walizungumza chini ya robo tatu ya muda uliotumiwa na wanaume. Pengo hilo lilifutika walipokuwa wengi. Lilifutika pia walipokuwa wachache, endapo kikundi kilitakiwa kikubaliane wote. Fikiria maana yake. Wanawake ni walewale, hawakupewa mafunzo ya kujiamini wala hotuba ya kuwatia moyo. Kilichobadilika ni kanuni za kikao, na kanuni za kikao unaziandika wewe na mwenyekiti wako.

Mimi huvunja mkutano kuwa meza ndogo mapema kabisa, kabla ya kipaza sauti kushikwa na mtu yeyote. Baadhi ya meza zinakuwa na wanawake wengi au wanawake watupu. Kila meza inatoa jambo moja ambalo wote waliokaa wamelikubali, na msemaji wa meza hachaguliwi miongoni mwa viongozi wa vyama. Wale mabwana waliozoea kusimama wanapata meza yao kama wengine, na hoja zao zinaandikwa sawa na za wengine. Hawanyang'anywi chochote isipokuwa zamu za ziada.

Nikiwa bado kwa wanawake: viti maalumu vya uongozi vinavyotengewa wao naviunga mkono kwa moyo wote, na ushahidi upo. India ilibadili katiba, na kuanzia 1993 theluthi ya viti vya mabaraza ya vijiji, pamoja na theluthi ya nafasi za uenyekiti, ikatengewa wanawake. Kwa kuwa vijiji vya kuongozwa na mwanamke viliteuliwa kwa bahati nasibu, Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo waliweza kulinganisha. Matokeo yao ya mwaka 2004, kutoka West Bengal na Rajasthan, yalionyesha kwamba penye mwenyekiti mwanamke fedha ziliegemea zaidi mambo ambayo wanawake wa pale walikuwa wakiyalalamikia, na maji ya kunywa yalitangulia. Huko West Bengal wanawake wa kawaida nao walianza kusema zaidi kwenye mikutano ya kijiji. Ni kweli pia kwamba kuna mahali mume ndiye anayeamua na mke anatia saini. Wanaopinga viti maalumu hupenda kutaja hilo na kuishia hapo. Mimi ninaloliona ni kwamba kiti kinahitaji pia taarifa kwa wakati, mafunzo ya kusoma bajeti, na kikao ambacho mume hana ruhusa ya kuingia kwa niaba.

Saa ya mkutano nitaipitia haraka, maana jibu unalijua. Wafuate walipo. Wafanya usafi wako wako ndani ya basi la kwanza alfajiri. Panda nalo na daftari lako. Kama mkubwa wako anasema hayo si maoni rasmi, mwombe akuonyeshe kifungu kinachosema maoni rasmi hutolewa ukumbini tu.

Limebaki jibu. Ufaransa, kati ya 2019 na 2020, watu 150 waliteuliwa kwa bahati nasibu wajadili hali ya tabianchi, wakatoa mapendekezo 149. Rais Emmanuel Macron alikuwa ameahidi kuyapeleka mbele bila kuyachuja. Baadhi akayakataa, mengine yakalegezwa njiani, na mwanzoni mwa 2021 wanachama hao walipoulizwa waipe alama serikali kwa namna ilivyoyapokea, wastani ulikuwa 3.3 kati ya 10. Hasira yao ilitokana na ahadi kubwa kuliko nia iliyokuwapo. Angewaambia tangu mwanzo kwamba haya nitayatekeleza, haya nitayapeleka bungeni, haya nitayapima na kuwajibu, wangejua wamesimama wapi.

Kwa hiyo pendekezo lako la kwanza liwe hili: jedwali la majibu. Hoja iliyotolewa, uamuzi uliofanywa, sababu yake, na cheo cha aliyeamua. Likabandikwe palepale lilipobandikwa tangazo la mkutano. Bibi akikuta imeandikwa kwamba kituo hakitahamishwa kwa sababu fulani, na kivuko kitajengwa karibu nacho katika bajeti fulani, anaweza kukubali au kupinga. Kwa sasa hana hata cha kupinga.


Nukta6 amejibu:

Mimi ni asiyeona, nasoma jukwaa hili kwa programu ya kusoma skrini. MwezeshajiVikao amesema mengi mazuri, naongeza ya kwetu.

Usiishie kwenye ngazi za mlangoni. Rasimu zenyewe hutufikia zikiwa picha za karatasi zilizopigwa skani, na programu yangu haiwezi kusoma picha hizo. Naitwa mkutanoni kutoa maoni juu ya waraka ambao wenzangu wamepewa kuusoma na mimi sikupewa. Mkutano ukianza, mtoa mada anasema "kama mnavyoona hapa". Rafiki yangu kiziwi hukuta mkalimani wa lugha ya alama ameketishwa pembeni penye giza, na majadiliano yanapochangamka watu wanasema wote kwa pamoja, mkalimani anashindwa kufuata. Haya hayahitaji fedha nyingi. Tuma waraka wa maandishi ya kawaida mapema, mtoa mada asome kilichoko ukutani, na mwenyekiti asimamie zamu.

Lakini kuna kubwa zaidi, nalo silioni likitajwa. Tukialikwa tunaalikwa kama "kundi maalumu", tunaulizwa kuhusu njia ya kiti cha magurudumu, tunashukuriwa, na mazungumzo yanahamia nauli na ratiba bila sisi. Mimi nalipa nauli. Nachelewa kazini basi likichelewa. Nina maoni kuhusu ruzuku na kuhusu nani apewe leseni ya njia. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wenye ulemavu mkubwa kuwa bilioni 1.3, yaani mmoja katika kila sita duniani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 29, unazungumzia kushiriki kikamilifu katika maisha ya siasa na ya umma kwa usawa na wengine. Haukuandika kwamba ushiriki huo uhusu ulemavu peke yake.

Kwa hiyo ninakuomba, unapopanga meza zile ndogo, usitutengee meza ya walemavu. Tuketi na watu wengine kwenye meza ya nauli.


MwandikaMuhtasari amejibu:

Nawashukuru sana. Nukta6, suala la waraka nimelipeleka leo hii hii na limekubaliwa, rasimu itatumwa kwa maandishi yanayosomeka. Kuhusu meza nimekuelewa, na nimefuta nilichokuwa nimepanga.

MwezeshajiVikao, nimezungumza na mkubwa wangu kuhusu jedwali la majibu. Hofu yake ni mbili. Kwanza, tukiandika sababu, mtu atazichukua kwenda nazo mahakamani. Pili, hoja ni nyingi, na wataalamu wetu hawana muda wa kuijibu kila moja. Pia hatuna fungu la kuteua watu kwa bahati nasibu kama Ufaransa. Nina mikutano michache tu iliyobaki na tarehe ya kura imeshapangwa.


MsomaSheria amejibu:

Hofu ya mahakama naijibu mimi. Kunyamaza si kinga. Mwaka 2006 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilibatilisha sheria zilizopitishwa bila baraza la majimbo kutimiza wajibu wake wa kuwashirikisha wananchi, ikaipa bunge miezi 18 kurekebisha. Nchini Kenya, Mahakama ya Rufani iliitangaza Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 kuwa kinyume cha katiba tarehe 31 Julai 2024, na ushirikishwaji wa wananchi ulikuwa miongoni mwa hoja kubwa. Mahakama ya Upeo ikaitengua hukumu hiyo Oktoba mwaka uleule. Majaji wenyewe hawakuona sawa, ndiyo maana sishauri mwananchi wala mtendaji aweke tumaini lake lote mahakamani. Ila kama mkubwa wako atasimama kizimbani siku moja, karatasi itakayomsaidia ni hiyohiyo anayoiogopa: kwamba hoja ilisikika, ilipimwa, na ilikataliwa kwa sababu hii. Daftari la mahudhurio linathibitisha tu kwamba watu walifika.


MwezeshajiVikao amejibu:

Asante MsomaSheria, umenipunguzia kazi.

Kuhusu wingi wa hoja: ukizipanga kwa mada utagundua kwamba hoja mia zimerudia mambo machache. Watu ishirini wamelalamikia kituo kimoja kwa maneno tofauti. Jibu ni moja, na kando yake unaandika ni wangapi waliosema. Kazi hiyo ya kupanga ni yako wewe mwenye mihtasari, wataalamu wanaletewa orodha fupi. Jambo moja tu nakusihi: hoja iliyosemwa na mtu mmoja isipotee kwa sababu imesemwa na mmoja. Hoja ya bibi ilikuwa ya mmoja.

Kuteua kwa bahati nasibu si lazima kuwe na sura ya Ufaransa. Ayalandi walitumia wananchi 99 na mwenyekiti mmoja kuanzia 2016, kwa masuala ya katiba na mengineyo. Jumuiya ya wazungumza Kijerumani ya Ubelgiji ina baraza la kudumu la watu 24 tu, lililoanzishwa 2019. Wewe huhitaji hata hao. Njia za mabasi unazo. Chagua njia chache kwa bahati nasibu, chagua saa kwa bahati nasibu, kisha zungumza na abiria wa basi hilo, wa kiti cha mbele na wa kiti cha nyuma. Utapata watu ambao ukumbi haujawahi kukuletea, na hakuna atakayesema umewachagua rafiki zako.

Ila uwe mkweli kwenye ripoti kuhusu kipi kilikuwa bado wazi. Kanada, mkoa wa British Columbia, mwaka 2004 wananchi 160 walioteuliwa kwa bahati nasibu walifanya kazi karibu mwaka mzima kupendekeza mfumo mpya wa uchaguzi. Kura ya maoni ya 2005 ikapata asilimia 57.7 ya waliosema ndiyo, na mfumo haukupita, maana kiwango kilichowekwa kilikuwa asilimia 60. Unaweza kubishana na kiwango hicho, na mimi nabishana nacho, lakini kilitangazwa kabla ya kura. Washiriki walijua kizingiti kiko wapi.


HojaKwanza amejibu:

Bado naamini uamuzi wa mwisho ni wa waliochaguliwa, na ukumbi usichukue nafasi yao. Lakini jedwali la majibu naliunga mkono bila masharti, na sababu yangu ni tofauti na ya MwezeshajiVikao. Mwakilishi anayekwenda kupiga kura analihitaji kuliko mwananchi. Leo anapewa rasimu na sentensi moja, "wananchi walishirikishwa". Akipewa jedwali, ataona kwamba hoja ya kivuko ilikataliwa na idara kwa kukosa fedha, na yeye ndiye mwenye uwezo wa kuitengea fedha.


MwezeshajiVikao amejibu:

Hapo tumekutana, ndugu yangu, na umelisema vizuri kuliko mimi.

MwandikaMuhtasari, basi zingatia tarehe. Rudi nyuma kutoka siku ya kura: jedwali liwafikie wawakilishi wakiwa bado na muda wa kuuliza maswali na kuleta marekebisho, na libandikwe kwa wananchi siku hiyohiyo. Hiyo maana yake mkutano wako wa mwisho usogezwe mbele, hata ikibidi kuacha mmoja kati ya iliyobaki. Bora mkutano mmoja uliojibiwa. Na hiyo nafasi utakayoipata, itumie kupanda basi la alfajiri.